Dobi wa Mikono Mitatu

Ndugu, majirani, wateja na wote mliofika, mliopata viti na mliosimama ukutani, anayesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba hii, aliyepewa kazi ya kusoma historia ya dada yake, na kabla hajaanza anaomba mjue kwamba mkononi ana vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi iliyochapwa vizuri, ukurasa mmoja, iliyopitishwa na kikao cha familia kilichoketi Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2023 sebuleni kwa kaka mkubwa, na ndani yake mistari kumi na minne imekatwa kwa kalamu nyekundu. Cha pili ni daftari la shule lenye jalada la kijani, ambamo marehemu mwenyewe, akiwa kitandani hospitalini, alimwandikisha mdogo wake maisha yake kwa alasiri tisa, akamwapisha ayasome yote, bila kupunguza na bila kutia chumvi. Kaka mkubwa ameshaona msomaji amefungua kipi, maana tayari amekunja uso, basi na akunje, leo litasomwa daftari.

Ile mistari kumi na minne yote inamhusu mtu mmoja, naye yupo hapa, amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha bluu kichwani, wengi mnamjua kwa jina la Chapuchapu. Kikao kiliamua asitajwe katika historia hii, wala asiketi na wafiwa. Marehemu aliagiza atajwe, na aketi benchi la mbele pamoja na watoto wa marehemu. Maagizo hayo mawili hayawezi kukaa nyumba moja, na kabla hatujaondoka hapa lazima moja liwe limeshinda.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa baba aliyekuwa mlinzi wa ghala la nafaka na mama aliyekuwa akishona mashuka na mapazia, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mahali ambapo treni ikipita vikombe vilitembea vyenyewe kabatini. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye kelele, mkaidi kuliko punda, ambaye mama yetu alipenda kusema kwamba akimtuma kuleta chumvi huleta chumvi na sababu za kwa nini sukari ingefaa zaidi.

Alianza shule ya msingi Januari 1966 na kumaliza darasa la saba mwaka 1972, na katika miaka hiyo linakumbukwa jambo moja ambalo walimu wake walilisimulia hadi walipostaafu. Akiwa darasa la tano alisingiziwa kumwaga wino juu ya ramani ya ukutani, akaambiwa aombe radhi mbele ya shule nzima, akakataa, akasimamishwa juani siku mbili, na siku ya tatu mwenye kosa akajitokeza mwenyewe kwa aibu. Mwalimu mkuu akamwambia sasa amsamehe mwenzake, yaishe, naye akajibu kwamba huyo mwenzake amemsamehe tangu alipofungua mdomo, ila yeye mwalimu mkuu bado hajasema kitu. Alichapwa kwa jibu hilo. Alilisimulia mpaka uzeeni, na kila mara alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Hakuendelea na sekondari, si kwa kukosa akili, ila baba aliugua na kilichokuwepo kilimpeleka kaka mkubwa, jambo ambalo marehemu hakuwahi kulinung'unikia, na msomaji analisema tu kwa kuwa limeandikwa. Tarehe 2 Februari 1976, siku ya Jumatatu, akiwa na miaka kumi na saba na miezi kumi, aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, akaanzia kwenye kuloweka, akapanda kwenye kukamua, na mwaka 1980 akapewa ile mashine ya kunyooshea mashuka, mitungi miwili mirefu ya chuma, yenye moto, inayozunguka ikibanana, ambayo akina mama wa pale waliiita Mapacha. Mashuka mia nne kwa siku yalipita pale, yanaingia yamekunjamana kama uso wa mtu aliyekosa usingizi, yanatoka yamenyooka, na wenzake wakampa jina la Mama Pasi hata kabla hajazaa.

Jumamosi tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na mshona magodoro, mtu mpole, mwenye vipande vya pamba nyusini saa zote, wakajaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa mwaka 1983, ambaye leo ni mwalimu, na wa kiume aliyezaliwa mwaka 1986, ambaye ndiye mnayemkuta kwenye duka la dobi. Ndoa yao ilidumu miaka thelathini na minne na nusu, mpaka shemeji yetu alipotutoka tarehe 6 Juni 2016, na katika miaka yote hiyo waligombana kwa sababu moja tu, kwamba shemeji alikuwa akipiga mluzi wakati wa kula.

Mwaka 1984 aliletwa pale hospitalini msichana mpya, aliyezidiwa umri na marehemu kwa miaka mitano, mwepesi wa mikono na wa miguu, anayebeba matenga mawili ya mashuka mahali ambapo wengine hubeba moja, na kwa wepesi huo akaitwa Chapuchapu. Walikuwa chanda na pete. Walikula pamoja, walitaniana pamoja, na walipokuwa wawili kwenye Mapacha, mmoja akilisha na mwingine akipokea, hakuna aliyewafikia.

Sasa tunafika mahali ambapo kalamu nyekundu ilifanya kazi kubwa, kwa hiyo mtaniwia radhi, nitasoma polepole.

Akina mama wa chumba kile walikuwa na sheria yao wenyewe, haikuandikwa popote, kwamba shuka likinasa kwenye Mapacha, anayekwenda kulinasua huzima mashine, huchomoa ufunguo na kuutia mfuko wa aproni yake, na hakuna mwingine anayeweza kuwasha mpaka yeye aurudishe. Walikuwa na msemo wao, mwenye ufunguo mfukoni ndiye mwenye mashine. Sheria hiyo ilifanya kazi miaka kumi na minne bila mtu kupata hata mchubuko. Alhamisi tarehe 9 Agosti 1990, saa nne na robo asubuhi, shuka lilinasa, marehemu akazima, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, na kwa kuwa mvuke ulikuwa umemzidi na jasho lilimwingia machoni, akaivua aproni, akaitundika msumarini mlangoni, akainama nyuma ya mitungi na kuingiza mkono. Chapuchapu alikuwa akirudi kutoka wodini na matenga. Aproni zote za pale zilikuwa za kijivu, za kipimo kimoja, akavuta iliyo karibu, akaivaa, akatia mkono mfukoni, akaukuta ufunguo. Mtu wa nje angejiuliza ufunguo huu umefikaje hapa. Yeye, aliyelelewa na sheria ile, alijua jambo moja tu, kwamba ufunguo uko mfukoni mwake, basi mashine ni yake, na mwenye mashine ni lazima awe ameshamaliza kunasua. Akawasha.

Palikuwa na kamba nyekundu ya dharura, ya kuvutwa ili Mapacha wasimame, na marehemu aliivuta kwa mkono wa kushoto, ikamjia mkononi nzima nzima, kwa sababu ilikuwa imekatika tangu Januari na kufungwa kwa uzi wa gunia ili ionekane ipo. Marehemu alikuwa ameliandika jambo hilo mara tatu kwenye daftari la matengenezo, na msimamizi wa chumba alikuwa ametia saini mara tatu kwamba amesoma. Mkono wa kulia ulipotoka ulikuwa na gumba peke yake.

Alilazwa katika hospitali ileile, wiki tano na siku mbili, akilalia mashuka ambayo mengine aliyanyoosha mwenyewe. Siku ya tisa Chapuchapu alikuja, akamkuta kaka mkubwa mlangoni mwa wodi amesimama kama nguzo, naye kaka akamwambia arudi alikotoka kabla hajamvunja mguu, ndipo sauti ikatoka kitandani, mpishe apite, miguu ile imekuja kwangu, haikuja kwako. Chapuchapu aliingia, hakumung'unya maneno, hakusema ilitokea bahati mbaya, hakusema shetani alipita. Alisema, ni mimi, niliukuta ufunguo mfukoni nikajua mashine ni yangu, sikutazama nyuma, ningetazama ningekuona. Marehemu akamwambia, najua, na mimi nilivua aproni, lakini leo siwezi kukutazama usoni, rudi Jumapili.

Alirudi Jumapili. Na kwa wale mliokuwa mkinong'ona miaka yote hii kwamba Mama Pasi alisamehe haraka kwa kuwa hakuwa na akili timamu, au alilishwa kitu, sikilizeni vizuri, hakusamehe haraka. Jumapili ya kwanza alimtukana matusi ambayo msomaji aliyaandika kama alivyoambiwa lakini hatayasoma mbele ya wajukuu. Jumapili ya pili hakumsemesha, alimwacha akae kwenye kiti kuanzia saa nane hadi saa kumi, akamgeuzia mgongo. Ya tatu alimfanya amfunge vifungo vya gauni, kimoja kimoja, taratibu, ili aone inavyokuwa. Ya nne Chapuchapu alichelewa, na marehemu akajikuta akitazama mlango, akajikasirikia mwenyewe kwa kutazama. Ya tano walilia. Ya sita, akiwa ameshatoka hospitali, walikaa uani kwake wakamenya maharage mabichi, mikono mitatu, na hawakuzungumzia habari ile hata kidogo. Ya saba mvua ilinyesha, hakuna aliyekwenda popote. Jumapili ya nane marehemu akamwambia, basi, kwangu yameisha, usinipigie magoti tena, niletee maji ya kunywa. Ndivyo alivyosamehe, ilimchukua majuma manane, na mtu asije akawaambia vingine.

Alikuwa hapendi kabisa ule msemo wa kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Alikuwa akisema, kosa ni kosa, hata likiwa la kwanza, hata likiwa la bahati mbaya, muulizeni mkono wangu. Na ule wa yaliyopita si ndwele akaujibu kwamba ndwele ni ndwele mpaka ipone, na haiponi kwa kuimbiwa.

Katika majuma hayohayo msimamizi alimfuata na karatasi ya kutia saini, imeandikwa kwamba ajali ilisababishwa na uzembe wa mfanyakazi mwenzake, nukta, akamwahidi kwamba akitia saini atapewa kiti mapokezi, kazi ya kukaa, maisha yake yote. Marehemu akamuuliza mbona kamba haijatajwa. Msimamizi akasema kamba ni jambo dogo. Marehemu akaomba daftari la matengenezo liletwe, likaletwa, na kurasa zile tatu zilikuwa zimechanwa, tena zimechanwa vibaya, pembe zimebaki kwenye uzi. Hakutia saini. Chapuchapu akamwaga unga juma lililofuata, na marehemu, ambaye kiti chake cha mapokezi kilikuwa bado kinamsubiri, akaenda kuchukua sanduku lake la chakula na viatu vyake vya mpira, akatoka naye.

Hapo ndipo tulipomkalia vikao. Kaka mkubwa alisema damu ni nzito kuliko maji, majirani walisema amelogwa, wengine walisema anajipendekeza kwa watu ili asifiwe, na mimi hapa mnayeniona nilisema makubwa zaidi, nitayafikia. Mume wake peke yake, yule mshona magodoro mpole, aliambiwa kwenye kikao amdhibiti mkewe, akajikuna nyusi, akasema, mkono ni wake, uamuzi ni wake, mimi nafanya nini, nimenyang'anywa vidole gani? Kikao kikavunjika.

Jumatatu tarehe 4 Februari 1991 wawili hao walifungua dobi lao, katika chumba kilichokuwa cha kutengenezea baiskeli, jirani na kituo cha mabasi, wakiwa na pasi mbili za mkaa, mabeseni matatu na mlango mkuukuu uliogeuzwa meza kwa kutandikwa blanketi. Juu ya mlango wa kuingilia marehemu alimwita mchora mabango akamwandikia, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, MIKONO MITATU. Watu walishika vinywa. Kaka mkubwa alikwenda na ngazi kulifuta jina hilo, akaambiwa, futa, nitaandika Mikono Mitatu na Kaka Mmoja. Akarudi na ngazi yake.

Kazi waliifanya hivi, shati lilianza na kola, likaja mabega, pindo za mikononi, mikono yenyewe, mbele, na mgongo mwisho, Chapuchapu akivuta kitambaa kiwambike, marehemu akishikiza pembe kwa lile gumba lake na kupitisha pasi kwa mkono wa kushoto, na kila mteja alikuwa na uzi wa rangi yake ndani ya kola, hivyo katika miaka thelathini na miwili hakuna mtu aliyepewa suruali ya mwenzake, isipokuwa yule mkaguzi wa shule, na yeye aliikataa mwenyewe ya kwake akidai imemkaa vibaya, kumbe ni tumbo. Na lisikilizeni hili, enyi mliosema kusamehe ni ujinga, tangu siku ya kwanza aproni za pale zilikuwa mbili tofauti, moja ya bluu, nyingine ya maua, na ufunguo wowote ulivaliwa shingoni kwa kamba. Mtu alipomuuliza kama bado anamwogopa mwenzake, alisema, nimemsamehe, sikusema nimerukwa na akili, aproni zifanane tena za nini?

Mwaka 2009 msimamizi yule wa zamani, akiwa mzee na mgonjwa, alituma wazee wawili, na kaka mkubwa akiwa wa tatu, waje kumwomba Mama Pasi wayamalize. Alichemsha chai, akawakaribisha vizuri, akawauliza, amalize nini? Wakasema, yale mambo. Akauliza, mambo gani, yana jina? Wakamwambia yule mwenzako ulimsamehe, kwa nini huyu unamfanyia moyo wa jiwe, akawajibu kwamba mwenzake alikuja kwa miguu yake akasema alichokifanya, huyu anatuma watu wabebe msamaha kama wanaotumwa sabuni, na aje aseme neno moja tu, nilichana, basi, siku hiyohiyo atapata jibu lake. Hakuja. Alifariki mwaka 2011. Marehemu alikwenda kwenye maziko yake, akakaa mstari wa nyuma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na jirani alipomnong'oneza kwamba kumbe amemsamehe, alimjibu kwa sauti iliyosikika, nimekuja kuzika, sikuja kusamehe. Mtaa ukapata la kusema miezi sita.

Kwa hiyo wale waliomhukumu mwaka 1990 kwa kusamehe, ndio haohao waliomhukumu mwaka 2009 kwa kutosamehe, na wengine wao wako kwenye viti hivi, wamevaa nguo alizozinyoosha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alisema hivi, na msomaji anasoma kama ilivyo, kwamba aliyeumia ndiye mwenye kusamehe, asiharakishwe na asizuiwe, na wengine wote washike vikombe vyao vya chai.

Mwezi Machi 2022 marehemu alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, miguu ikavimba, akapimwa na kuambiwa moyo wake umetanuka. Aliporudi nyumbani alituita wote, akatuambia, mliosema nina moyo wa jiwe njooni, daktari kasema unapanuka, jiwe gani hilo? Aliendelea kwenda dukani, akikaa kwenye kiti na kukosoa, mpaka Agosti 2023 alipolazwa kwa mara ya mwisho.

Katika wodi hiyo ndipo daftari hili lilipoandikwa, na ndipo msomaji wenu alipoketi kwa alasiri tisa upande mmoja wa kitanda, Chapuchapu akiwa upande wa pili, akimsugua miguu marehemu, akimgeuza, akimlisha uji, na msomaji hakumsalimu hata mara moja. Ilikuwa mwaka wa thelathini na tatu wa kutomsalimu. Alasiri ya sita Chapuchapu alipotoka kwenda kuchota maji, dada alinigeukia, akaniuliza, mimi niliyekatwa nimenyamaza, wewe unalia nini? Tusifichane. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili mkono ule ulipokwenda, na kabla ya hapo kila Jumamosi dada yangu alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka, tukipiga umbea, na baada ya hapo hakunisuka tena. Nilikuwa nazililia nywele zangu. Nikaziita haki.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa saba na dakika ishirini mchana, akiwa na miaka sitini na mitano na miezi saba, baada ya kula vijiko vitatu vya uji na kulalamika kwamba shuka la kitanda chake limenyooshwa na mtu asiyejua kazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo waliomhudumia kwa upole, hata alipowafundisha kutandika, inawashukuru majirani waliopika, waliochota maji na waliolala nasi, wateja wa dobi waliokuja kuchukua nguo zao wakabaki kufagia uwanja, na wafanyakazi wenzake wa zamani wa chumba cha kufulia, saba waliobaki, ambao wamekuja wote na wameketi pamoja pale kushoto. Hatuna cha kuwalipa, mbarikiwe sana.

Umebaki mstari mmoja, wa kumi na nne kati ya ile iliyokatwa, nao ni wake mwenyewe, neno kwa neno. Nimeacha binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watano, kaka mmoja na mdogo mmoja, na nimeacha mwenzangu wa kazi, ambaye ni ndugu yangu kwa kumchagua mwenyewe, akae na wanangu, na asiyependa asinizike.

Dada, wewe uliyesimama mlangoni, nakuita dada kwa mara ya kwanza, na marehemu amenifundisha kwamba mwenye kosa alitaje. Mwaka 1992 sokoni nilikuita mkata mikono mbele ya watu, nikakutemea mate miguuni. Miaka thelathini nilipeleka nguo zangu kwa dobi wa mtaa wa pili, akaniunguzia gauni la harusi, nikalivaa na alama ya pasi kiunoni kuliko kupita mlangoni kwenu. Mwaka 2016 kwenye msiba wa shemeji ulininyooshea mkono, nikauacha hewani. Alhamisi hii, kikao kilipokukata, nilikuwemo, na nilinyamaza. Ni mimi niliyefanya hayo, si ujana wangu wala uchungu wangu. Kama utanisamehe au hutanisamehe ni lako, hakuna kikao kitakachokupangia, na mimi sitatuma mtu.

Njoo mbele. Njia ipo hapo katikati, mpisheni, mama mwenye mtoto vuta miguu kidogo, ahsante. Wanaong'ang'ania kunong'ona wanyamaze, mwenye msiba wake ameshasema. Jeneza halitanyanyuliwa mpaka aketi, na mimi sina haraka, nimevaa viatu vya chini.

Kaka, nakuomba usogee.

Kaka.

Ahsante, kaka yangu.

Sasa wafiwa tumetimia. Mama Pasi, pumzika kwa amani.